AutoCAD inatetemeka, hachi zinapotea, kioo kinazima: kisa cha ramani ya kiwanja Kigamboni

Kisa chenyewe kiko hivi. Ofisi ndogo ya usanifu majengo hapa Dar, dada mmoja msanifu anatumia laptopu ya kawaida tu yenye grafiki mbili, ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa na kadi ya NVIDIA ya pembeni, ramu gigabaiti 16, Windows 10, na AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani. Siku zote mashine inapiga kazi, plani za nyumba, seksheni, eleveshoni, hakuna malalamiko. Ikaja kazi ya apatimenti Kigamboni, na fensi yake, pakingi na mfumo wa maji taka, sevea, yaani mpima ardhi, akaleta faili lake la upimaji, likaunganishwa kwenye ramani, na kuanzia hapo shughuli ikaharibika.

Dalili zilikuwa nyingi kwa mpigo. Ukivuta karibu mistari inatetemeka, yaani ukisogeza ramani kidogo tu kulia ukuta wa fensi unaruka halafu unarudi, na ile alama ya msalaba ya mausi inaenda kwa kurukaruka. Chemba za maji taka alizochora kwa duara zinatokea kama umbo la pembe sita lililobonyea upande mmoja. Hachi ya pevingi kwenye pakingi, yaani ile patani ya kujaza eneo, mara ipo mara haipo, wakati mwingine inajaa nyeusi tii. Namba za bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, herufi zimepandana. Na juu ya hayo yote, kila baada ya muda kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu kisha kinarudi, na kona ya chini inatoka meseji kwamba draiva ya kioo, yaani programu inayoendesha grafiki, iliacha kuitikia na sasa imerudi.

Kabla hajanifikia alishaonana na fundi dukani, na fundi akamwambia grafiki kadi imechoka, dada tafuta laptopu nyingine yenye kadi kubwa. Sio fundi huyo peke yake, ukimweleza mtu yeyote dalili hizi bila kumwonyesha faili, tisa kati ya kumi watakutajia kadi. Mtu anaona picha mbovu kwenye kioo, na kadi ndo inayochora picha, basi kesi imeisha. Mimi naomba nilieleze hili kwa urefu kwa sababu laptopu mpya yenye kadi ya maana kwa ofisi ndogo ni hela ya kodi ya ofisi ya miezi, na hapa ingenunuliwa na chemba zingeendelea kuwa na pembe sita.

Swali la kwanza kabla hujagusa chochote ni moja tu, tatizo linafuata mashine au linafuata faili? Halihitaji utaalamu. Tukafunga ile ramani ya kiwanja tukafungua plani ya nyumba ya kazi iliyopita kwenye laptopu ile ile. Duara ni duara, hachi zipo, mistari imetulia. Ila tulivyokaa nayo tukizungusha modeli ya 3D kidogo, kioo kikazima kikarudi. Halafu tukachukua ramani ya Kigamboni kwa flashi tukaifungua kwenye desktopu ya ofisini, mashine nyingine kabisa, kadi nyingine, draiva nyingine. Chemba zina pembe sita vile vile, hachi inapotea vile vile, mistari inatetemeka. Lakini kioo hakizimi hata mara moja, hata ukikaa nayo mchana mzima.

Hapo kisa kimeshagawanyika chenyewe. Kutetemeka, hachi na duara mbovu vinafuata faili. Kuzima kwa kioo kunafuata laptopu. Ni magonjwa mawili yaliyokutana kwa mgonjwa mmoja wiki moja, na kama ungeyachukua kama ugonjwa mmoja usingeelewa kitu, maana kila dawa ingeponya nusu.

Kuhakikisha, tukaandika GRAPHICSCONFIG kwenye mstari wa komandi, likafunguka lile dirisha lenye swichi ya Hardware Acceleration, tukaizima. Ukiizima AutoCAD inaacha kutegemea kadi kwenye kuchora inatumia prosesa, kila kitu kinakuwa kizito lakini kwa kupima ni kipimo kizuri sana. Kioo kikaacha kuzima. Chemba zikabaki na pembe zake. Kwahiyo grafiki na draiva yake wanahusika na moja, na hawahusiki na lingine. (Kama AutoCAD yako haifunguki kabisa kwa sababu ya grafiki, unaweza kuiwasha kwa kuongeza /nohardware kwenye shotkati yake, inaanza ikiwa imezima hiyo swichi.) AUDIT na PURGE, komandi za kukagua na kusafisha faili, nazo tulipiga, faili likapungua ukubwa, dalili zikabaki pale pale.

Sasa tuanze na faili maana ndo penye utamu.

Nilimwambia dada aandike ID, komandi ya kusoma koodineti, abonyeze kona ya kiwanja kwenye bikoni. Jibu likaja X ni 534 milioni na ushee, Y ni 9,241,318,450. Bilioni tisa! Hiyo sio hitilafu, ni koodineti halali kabisa. Sevea wetu wanapima kwa UTM, mfumo wa koodineti za mita unaogawa dunia kwa zoni, na Dar iko zoni ya 37 kusini. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, namba ya kwenda kaskazini haianzi sifuri, mfumo unaipa ikweta mita 10,000,000 halafu unapunguza kadiri unavyoshuka kusini, ili mtu asipate namba hasi. Kigamboni uko kama kilometa 759 kusini ya ikweta, ndo maana unapata mita 9,241,318 na kidogo. Nairobi na Mombasa ukitumia UTM ni hivyo hivyo, milioni tisa na kitu. Mwenzetu wa Kampala yuko juu kidogo tu ya ikweta, kwake namba inaanza sifuri pale ikweta, kwahiyo anasoma mita elfu thelathini na kitu, na huenda hajawahi kuliona tatizo hili kwa ukali huu.

Sevea kachora kwa mita, msanifu anachora kwa milimita, faili lilivyoingizwa likakuzwa mara elfu moja, ndo tukafika bilioni tisa.

Tatizo liko wapi? AutoCAD yenyewe kwa ndani inatunza namba kwa biti 64, ambazo zinabeba tarakimu kama 15 au 16, kwahiyo bilioni tisa na milimita zake inaibeba bila jasho. Ndo maana ukipiga DIST, komandi ya kupima umbali, kati ya bikoni mbili unapata jibu sahihi hata kama kioo kinakuonyesha takataka, na hii kwangu ndo dalili kubwa kuliko zote, vipimo viko sawa picha iko vibaya. Lakini kadi za grafiki kwa kuchora kioo zinafanya kazi zaidi kwa namba za biti 32, ambazo zinabeba tarakimu kama 7 tu. Namba ya bilioni tisa ina tarakimu kumi. Hizo za mwisho zinaenda wapi? Zinakatwa.

Tuitazame kwa karibu. Kwenye ukubwa wa bilioni tisa, namba za biti 32 hazipo zote, zipo kila baada ya 1,024. Baada ya 9,241,318,400 inayofuata ni 9,241,319,424, katikati yake hakuna kitu. Sasa chukua ukuta wa fensi wa bloku za inchi sita, unene milimita 150, uso mmoja uko 9,241,318,450 na uso wa pili uko 9,241,318,600. Zote mbili zinasukumwa kwenye 9,241,318,400. Ukuta umekuwa mstari mmoja. Ni sawa na kumpa fundi futi iliyoandikwa mita tu bila sentimita halafu umwambie apime unene wa bloku. Na chemba yenye duara la milimita 600, pointi zake zote zinagombea sehemu moja au mbili, duara litoke wapi?

Programu inajitahidi, inapunguza namba kubwa kabla ya kuipelekea kadi, ndo maana ramani haikuwa imeharibika kabisa kiasi hicho ninachokieleza, ilikuwa inatetemeka na kuvurugika vipande vipande. Lakini sio kila kitu kinaokolewa. Hachi ndo mbaya zaidi, kwa sababu patani ya hachi inahesabiwa kuanzia pointi yake ya asili, na kama hujaigusa pointi hiyo iko 0,0, yaani programu inaanza kupanga vitofali vya pevingi kutoka huko sifuri hadi ifike Kigamboni, umbali wa kilometa elfu tisa na ushee kwa hesabu ya ramani. Inachoka njiani.

Kuna watu watakwambia badilisha yuniti, chora kwa mita tatizo liishe. Haliishi. Mita 9,241,318.450 kwa biti 32 zinaruka kila mita 1 nzima, ni karibu ile ile 1,024 ya milimita. Kinachoumiza ni uwiano kati ya umbali kutoka sifuri na udogo wa kitu unachochora, yuniti haibadilishi uwiano.

Wengine wanaweka UCS mpya, yaani sifuri yao wenyewe ya kusomea koodineti, kwenye kona ya kiwanja, wanaona namba zimekuwa ndogo pale chini wanafikiri wamehamisha ramani. UCS inabadilisha unavyosomewa koodineti tu, vitu vyenyewe bado viko kule kule bilioni tisa. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona kwenye ofisi nyingi mno, na mtu anakataa kabisa kuamini kwamba ramani yake iko mbali kwa sababu kioo kinamwandikia 0,0.

Tiba tuliyofanya. Kwanza faili la sevea halikuguswa, likahifadhiwa lilivyokuja, hilo ni la kisheria na siku ya kwenda ardhi ndo litahitajika. Tukalikopi. Kwenye kopi tukahakikisha INSUNITS, yaani yuniti ya faili, inasema mita, tukaandika BASE, tukachagua bikoni ya kona ya kusini magharibi kuwa pointi ya kushikia, tukasevu. Uzuri wa BASE ni kwamba husogezi hata mstari mmoja ndani ya faili lile, unaliambia tu kwamba ukiingizwa sehemu shikwa hapa. Kisha kwenye ramani ya msanifu tukaliunganisha upya kama XREF, yaani faili la nje linaloonekana tu ndani ya ramani, kwenye 0,0. Bikoni ikakaa sifuri.

Ramani ya msanifu yenyewe, fensi, jengo, pevingi, chemba, vyote alishavichora kule mbali, hivyo vililazimika kuhamishwa kwa MOVE, kutoka bikoni ile ile kwenda 0,0. Hapa kuna mtego. Ukiandika ALL kwenye kuchagua, vitu vilivyo kwenye leya (matabaka ya mchoro) zilizogandishwa au kufungwa havichaguliwi, vinabaki nyuma kilometa elfu tisa, na wewe hujui mpaka siku unawasha leya ya umeme hakuna taa hata moja. Kwahiyo fungua leya zote kwanza, zote, ndo uhamishe. Baada ya hapo piga ZOOM Extents, ikuonyeshe vyote vilivyomo. Ramani ikionekana kama kinukta kwenye kona ujue kuna kitu kimebaki mbali, na kwetu ilikuwa hivyo, kulikuwa na alama ya kaskazini na kiboksi cha maandishi cha zamani vilivyokuwa karibu na sifuri tangu mwanzo, navyo vikasafiri kwenda upande wa pili. Tukavifuta.

Hachi zikapewa pointi mpya ya asili, kuna HPORIGIN kwa zile utakazochora mbele, na zile za zamani unazichagua unaziwekea origin pembeni ya mpaka wake. Kisha kazi ya mikono ambayo huwezi kuikwepa, layauti, zile kurasa za kuchapa. Kila dirisha la layauti lilikuwa linaangalia kule mbali, sasa linaangalia utupu, unaingia moja moja unarudisha ramani unarudisha skeli. Ofisi yenye shiti nyingi ijipange kwa hilo, ni bora ifanyike mwanzoni mwa kazi kuliko wiki ya kusabmiti.

Uhakiki wake ni DIST kati ya bikoni mbili, kabla na baada. Namba ile ile hadi milimita. Kaskazini haikuzungushwa hata chembe. Na pembeni ya bikoni ya sifuri tukaandika maandishi makubwa kwenye leya isiyochapwa, bikoni namba fulani, E na N zake (mashariki na kaskazini) kwa mita kama zilivyo kwa sevea. Siku ya kurudi kwenye koodineti za kweli ni MOVE moja tu kutoka 0,0 kwenda namba hizo, ukizizidisha kwanza mara elfu moja maana ramani iko kwa milimita.

Tukarejenereti. Chemba duara. Fensi ina kuta mbili. Pevingi kitofali kwa kitofali, kwenye laptopu ile ile iliyoambiwa kadi yake imechoka.

Upande wa kioo kuzima uliisha haraka zaidi. Fungua Event Viewer, upande wa System, tafuta tukio namba 4101. Windows ina utaratibu kwamba grafiki ikipewa kazi isijibu ndani ya sekunde 2, inaizima draiva na kuiwasha upya badala ya mashine nzima kuganda, ndo ule weusi unaouona. Kwenye tukio lenyewe imeandikwa jina la draiva iliyokwama, na watu wengi hawalisomi. Ukiona igfx ni grafiki ya ndani ya Intel, ukiona nvlddmkm ni NVIDIA, amdkmdag ni AMD. Kwetu zilikuwa igfx mstari baada ya mstari. Yaani ile kadi ya pembeni iliyokuwa inatuhumiwa haikuwa inafanya kazi kabisa! Task Manager ikathibitisha, ongeza safu ya GPU engine utaona acad.exe iko GPU 0, ile ya ndani, na kadi ya NVIDIA imelala haina kazi.

Sababu haikuwa ya ajabu. Laptopu za grafiki mbili zinapenda kuipa programu ile grafiki ndogo ili kuokoa betri, mpaka uiambie vingine. Na draiva ya ile ya ndani ilikuwa ya zamani mno, ilibaki tangu Windows ilipowekwa, kwa sababu apudeti zote zilizimwa zisile bando. Hilo nalielewa kabisa, bando ni hela, ila draiva za grafiki tenga siku uzishushe kwa makusudi hata kwa waifai ya mtu. Tukashusha draiva zote mbili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa modeli yake halisi, tukaweka ya ndani kwanza kisha ya kadi, na ile ya kadi tukaweka tiki kwenye usakinishaji safi. Halafu Settings, System, Display, Graphics settings, tukaitafuta acad.exe tukaiwekea High performance. Ukishafanya hivyo funga AutoCAD uifungue tena, rudi GRAPHICSCONFIG usome jina la kadi lililoandikwa pale. Likisoma kadi ya pembeni umemaliza, likisoma ya ndani bado hujafanya kitu.

Kuna ushauri unazunguka wa kuingia kwenye rejista na kuongeza zile sekunde 2 za TdrDelay. Mimi siuanzi huo. Unampa mgonjwa muda mrefu wa kuzimia, hujamtibu.

Mambo mengine tuliyoyaangalia na kuyapita: feni ilikuwa na vumbi ikapulizwa, joto la kadi likawa la kawaida, chaja ilikuwa ya saizi yake. Chaja usiidharau, ukiweka ya wati ndogo kuliko ile iliyokuja na mashine, laptopu inaweza kuibana kadi ishuke nguvu na utalaumu programu. Ramu ilikuwa kijiti kimoja, na grafiki ya ndani inakula ramu hiyo hiyo, kuongeza kijiti cha pili kinachofanana kungesaidia, lakini sasa kazi imehamia kadi ya pembeni haikuwa lazima.

Kadi iliyochoka kweli ipo, na ina dalili zake. Michirizi au vimraba vya rangi vinatokea hata kabla Windows haijawaka, kwenye nembo ya mtengenezaji, vinatokea kwenye video, kwenye brauza, kila mahali, na havichagui faili. Ukiona hivyo usihangaike na koodineti. Ila mashine inayochora plani za nyumba vizuri halafu inaharibu ramani ya kiwanja peke yake, huyo sio mgonjwa wa kadi.

Faili lile lilikuwa linasubiriwa na injinia wa strakcha ambaye anatumia Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, na yeye alishalirudisha mara ya kwanza akisema linakataa kuingia vizuri, Revit inamwonya kwamba jiometri imezidi kilometa 33. Sababu ni ile ile, nayo haitaki vitu vitawanyike mbali na sifuri yake ya ndani. Akapelekewa toleo jipya lenye bikoni kwenye 0,0, akalilinki bila onyo, akatumia Specify Coordinates at Point kwenye bikoni ile akaandika E na N zilizokuwa pembeni yake, na ramani zake sasa zinasoma koodineti za sevea huku modeli yenyewe imekaa karibu na sifuri.